Vizazi vya Mashine za Gemu na Safari Yao Hadi Rufiji



Kuna ubishi unaopendwa sana na vijana wa Kibiti, nao ni juu ya mashine za gemu: ipi yenye nguvu, ipi imepitwa na wakati. Mara nyingi ubishi huo hukatwa kwa kutaja tarakimu iliyoandikwa juu ya boksi. Nia ya makala haya ni kuonyesha kuwa tarakimu hiyo peke yake haijapata kuamua jambo, si huko zilikobuniwa mashine hizo, wala huku kwetu.

Mashine ya kwanza ya kuchezea nyumbani ilikuwa Magnavox Odyssey, iliyouzwa Marekani mwaka 1972 kutokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Haikuwa na kompyuta ndani yake, wala sauti, wala rangi. Mchezaji alibandika plastiki yenye picha juu ya kioo cha televisheni, kisha akasogeza vinukta vyeupe nyuma yake. Mwaka 1977 ikafuata Atari 2600, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa baiti 128 tu, yaani sentensi hii unayoisoma sasa, ukiweka kila herufi katika baiti moja, isingeweza kuenea yote.

Je, sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara haikupata kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Basi hata kama mtu angeletewa Atari na ndugu yake aliyeko ng'ambo, angeichomeka wapi? Vizazi hivyo vilipita mbali nasi kama meli za bahari kuu zinavyopita mbele ya delta bila kutia nanga.

Mashine iliyotufikia kweli ni ya Japani, Famicom ya Nintendo, iliyotoka Julai 1983. Lakini haikuja yenyewe. Ilikuja nakala yake. Viwanda vya Asia viliikusanya mitambo yake katika kipande kimoja kidogo, vikaiuza kwa bei ndogo chini ya majina mengi. Kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa kilobaiti 2, na saa yake ya ndani ilipiga mara milioni 1.79 kwa sekunde. Kaseti zake ziliandikwa kuwa zina michezo 9,999. Ukihesabu vizuri ni michezo michache inayojirudia. Ikikataa kuwaka, kila mtu aliipuliza kaseti kwa mdomo. Dawa hiyo, kwa maoni yangu, iliua nyingi kuliko ilizoponya, kwani mate na unyevu hula shaba.

Sasa tuje kwenye vita vya biti. Sega Mega Drive ya 1988 ilijivunia biti 16. Sony wakatoa PlayStation Desemba 1994 yenye biti 32, na Nintendo wakajibu mwaka 1996 kwa mashine ya biti 64, wakaipa na jina la tarakimu hiyo hiyo. Kwa hesabu ya kijiweni, Nintendo alikuwa ameshinda. Kumbe sivyo! Nintendo 64 iliuzwa kiasi cha milioni 33, PlayStation ikapita milioni 100. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba Nintendo alishikilia kaseti, ambayo kubwa kabisa ilibeba megabaiti 64 na ilikuwa ghali kutengeneza. Diski ya PlayStation ilibeba kiasi cha megabaiti 650 kwa gharama ndogo mno. Tusione haya kusema jingine: diski hunakiliwa kirahisi, na nakala ndizo zilizojaza vibanda vyetu.

PlayStation 2 ya mwaka 2000 ndiyo mfalme wa vibanda hivyo. Kumbukumbu yake megabaiti 32, mapigo milioni 294 kwa sekunde. Xbox ya Microsoft, iliyotoka mwaka uliofuata, ilikuwa na kumbukumbu maradufu na mapigo milioni 733, lakini huku ni nani aliyeiona? PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 160 duniani, na ilicheza pia filamu za DVD, hata baba mwenye nyumba akapata sababu ya kuinunua.

Lipo tena jambo ambalo wabishi hawaligusi, nalo ni umeme. Ile PlayStation 2 nyembamba ya mwaka 2004 ilitumia adapta ya volti 8.5 isiyofika wati 50. PlayStation 3 ya kwanza, ya mwaka 2006, ilikaribia wati 200 mchezo ukikolea. Katika kijiji cha visiwani mle delta, penye sola au jenereta dogo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kibanda kitafunguliwa usiku au la. Leo bwawa la Julius Nyerere juu ya mto wetu huu, lililoanza kuzalisha Februari 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini mashine huchezwa kwa umeme uliofika ukutani, si kwa ule ulioko bwawani.

PlayStation 5 ya Novemba 2020 ina gigabaiti 16 za kumbukumbu, zaidi ya mara milioni 8 ya Famicom. Pamoja na ukubwa huo, mchezo mmoja waweza kudai makumi ya gigabaiti za intaneti, na bando hilo si la mwanafunzi. Ile yenye nafasi ya diski husoma diski za PlayStation 4, ila za PlayStation 2 haizisomi kabisa. Sony waliacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013, kwa hiyo mwenye sanduku la diski za zamani hana budi kutafuta fundi atakayeng'oa lenzi ya mashine iliyokufa aitie katika iliyo hai.