Mzee akisimama anapepesuka: presha imeshuka au ni kiharusi kidogo?

Akina mama wa Gerezani na Kariakoo wanaotunza wazee hutuambia jambo lilelile: “Bibi akiamka alfajiri anaona kizunguzungu, akikaa kidogo anakuwa sawa.” Mara nyingi hiyo ni presha kushuka anaposimama. Damu huteremka miguuni, na mishipa ya mzee huchelewa kubana ili kuirudisha juu, hivyo ubongo hupungukiwa damu kwa muda mfupi. Mhudumu humpima akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, presha inashuka kweli.

Joto la Dar huchangia, pia kuharisha, na kunywa maji kidogo (wazee wengi huyakwepa wasiamke usiku kwenda chooni). Baadhi ya dawa za presha nazo huchangia, lakini usimwachishe. Vibebe vidonge vyote mpaka kliniki vikaangaliwe. Nyumbani, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili akichezesha nyayo, ndipo asimame ameshika kitu.

Kiharusi kidogo hakingoji mtu asimame. Mshipa wa ubongo unaziba kwa muda, kisha unafunguka. Ghafla mdomo unapinda, mkono au mguu wa upande mmoja unalegea, maneno hayaeleweki, au jicho moja halioni. Mara nyingi dalili huisha ndani ya saa moja, na hapo ndipo tunapokosea: nyumba nzima inashukuru Mungu, mzee analala, keshokutwa kinakuja kiharusi kikubwa. Siku 2 za kwanza ndizo za hatari zaidi.

Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi hapa Dar es Salaam na wilayani Hai. Umri ukishasawazishwa, Dar ilikuwa na takriban 316 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, Hai 109. Presha ya juu isiyotibiwa ni sababu kubwa ya kiharusi, ndiyo maana nimesema dawa zisiachwe.

Kwa hiyo ukiona dalili hizo, hata zikiisha, chukua bajaji au teksi saa hiyohiyo mpaka hospitali yenye CT skani, kama Muhimbili. Usimpe chakula wala kinywaji, anaweza kupaliwa. Aspirini pia usimpe: kipo kiharusi cha kuvuja damu, na kwa macho huwezi kukitambua. Kumbuka saa dalili zilipoanza; daktari ataiuliza.