London River: filme juu ya wazazi wawili wenye kutafuta watoto wao

London River ni filme ya mwaka wa 2009. Iliongozwa na Rachid Bouchareb, Mufaransa mwenye asili ya Algeria. Inaonyesha wazazi wawili wenye hawajaonana hata siku moja: mwanamuke Mukristo mwenye kulima, na muzee Mwislamu kutoka Afrika ya Mangaribi. Wanafika London siku zilezile, na kila mumoja anatafuta mutoto wake mwenye hajibu tena telefone. Haiko filme ya vita, wala ya kukimbizana na wanyanganyi. Inafuata tu watu wawili wenye kutembea, kuulizauliza na kungoja.

Mambo yenye yalitokea kweli

Wazazi hao wawili ni wa kutungwa, lakini musiba wenyewe ulitokea. Tarehe 7 Mwezi wa 7, mwaka wa 2005, asubuhi, wanaume wane walijilipua katika muji wa London. Watatu walikuwa ndani ya treni za chini ya udongo, na mumoja alikuwa ndani ya bisi namba 30, hapo Tavistock Square. Watu 52 waliuawa, bila kuhesabu wale wane, na zaidi ya 700 waliumia. Kati ya wenye walikufa kulikuwa watu wa inchi nyingi na wa dini mbalimbali, na Waislamu pia.

Siku zenye zilifuata, watu walibandika foto za ndugu zao kwenye kuta na karibu na vituo vya treni, wakiuliza kama kuko mwenye aliwaona. Filme inaingia katika siku hizo za kungoja, wakati mutu hajui kama alie ao aendelee kutumaini.

Elisabeth na Ousmane

Elisabeth Sommers anaishi Guernsey, kisanga kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa. Ni mujane, bwana yake alikufa katika vita ya Falklands, mwaka wa 1982. Ako na shamba, na mutoto mumoja, Jane, mwenye anasoma London. Wakati anasikia habari ya mabomu, anamupigia Jane telefone mara na mara. Hakuna jibu. Njo anaamua kwenda mwenyewe.

Ousmane anafanya kazi katika pori huko Ufaransa, anatunza miti. Aliacha jamaa yake Afrika wakati mutoto wake Ali alikuwa angali mudogo, na tangu wakati ule hakumulea. Sasa mama ya Ali anamuomba aende London kumutafuta. Kwa hiyo anatafuta kijana mwenye ni damu yake, lakini mwenye hamujui vizuri.

Kufika London kunamushitua Elisabeth. Anakuta Jane alikuwa anaishi katika mutaa wenye Waislamu wengi, juu ya duka la mwenye kuuzisha nyama. Mama huyu hakujua kitu juu ya maisha hayo, na woga unamushika.

Ousmane naye anaenda kwenye musikiti. Kule wanamupatia foto ya darasa la Kiarabu. Ali ako ndani, na karibu yake kuko musichana wa kizungu mwenye Ousmane ameisha kuona sura yake kwenye tangazo la watu wenye kutafutwa. Ni Jane. Anamutelefonia mama yake.

Hapo filme inagusa pahali penye kuuma. Elisabeth anachukua ile foto, lakini hapana kwa shukrani: anakimbilia polisi. Mbele ya macho yake, mwanaume mweusi mwenye jina la Kiislamu hawezi kuwa muzazi sawa yeye. Ni mutu wa kushuku, na mutoto wake pia. Polisi wanamuhoji Ousmane. Lakini ni yeye peke yake katika muji wote mwenye alikuwa na habari ya Jane.

Kisha ukweli unatokea polepole. Jane na Ali walikuwa wanapendana na waliishi pamoja katika nyumba ile. Kila muzazi alikuwa anatafuta nusu ya habari, na nusu ingine ilikuwa kwa mwenzake. Wanaanza kutembea pamoja. Wanazungumuza Kifaransa, kwa sababu watu wa Guernsey wako karibu na Ufaransa na Elisabeth anakijua.

Siku moja wanapata habari kwamba vijana walikuwa wamenunua tikiti za kwenda Ufaransa. Furaha inarudi: labda wako salama huko. Lakini polisi wanakuja kuwaambia kwamba wote wawili walikuwa ndani ya bisi ile. Hakuna muujiza. Wazazi wanaagana, Elisabeth anarudia shamba lake, na Ousmane anarudia miti yake.

Wachezaji

Brenda Blethyn, Mwingereza, njo Elisabeth. Alikuwa ameisha kupata zawadi ya mwigizaji mwanamuke bora huko Cannes mwaka wa 1996, kwa filme Secrets & Lies.

Sotigui Kouyaté njo Ousmane. Alizaliwa Bamako mwaka wa 1936, katika jamaa ya wasimulizi wa zamani wenye kuitwa griot, na akawa raia wa Burkina Faso. Katika ujana wake alicheza mupira katika timu ya taifa ya Haute-Volta, jina la zamani la inchi ile. Baadaye alifanya kazi miaka mingi na Peter Brook, mwongozaji wa tamthilia. Katika London River hasemi maneno mengi: ni muzee murefu, mwembamba, na fimbo mukononi, na uchungu wake unaonekana katika kutembea kwake. Kwa kazi hiyo alipewa zawadi ya mwigizaji mwanaume bora huko Berlin mwaka wa 2009. Alikufa Paris Mwezi wa 4, mwaka wa 2010.

Roschdy Zem na Sami Bouajila wako pia ndani. Bouchareb alikuwa amefanya kazi nao katika Indigènes, ya mwaka wa 2006, juu ya askari wa Afrika ya Kaskazini wenye walipigania Ufaransa.

Sababu gani kuiangalia

Katika Kivu ao Ituri, mwenye alipoteza mutoto wakati wa kukimbia vita anajua njia ya Elisabeth na Ousmane: hospitali, kanisa ao musikiti, kambi, tangazo kwa radio, ofisi ya Croix-Rouge. Kila pahali anakuta wengine wenye kubeba foto. Pengine mwenye kukaa pembeni yake anasema luga ya watu wenye anaogopa. Elisabeth alichelewa kumusikiliza mutu wa namna hiyo, na siku zenye alipoteza alizipoteza bure.