Bahasha, Saini na Kituo cha Tunguu

Katika minada ya Ulaya na Marekani, bahasha iliyotiwa saini na mwanaanga wa miaka ya 1960 hununuliwa kwa fedha nyingi. Msomaji aliyeko Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, ana haki ya kuuliza: hayo yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa sehemu ya historia hiyo ilipitia Unguja.

Oktoba 1960 Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Zanzibar kama nchi lindwa, ilikubaliana na Marekani kujenga huko kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. Kituo kikawekwa Tunguu. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara 3 kwa saa 4 na dakika 55, na mawasiliano yake yalipokezanwa kutoka Kano hadi Zanzibar, kisha kwa meli katika Bahari ya Hindi. Siku hiyohiyo Marekani ilitoa stempu ya senti 4 iliyokuwa imechapwa kwa siri.

Mkusanyaji makini haangalii saini pekee, kwani NASA ilitumia pia mashine ya kusaini. Saini mbili zinazolingana kwa kila mkunjo huzua shaka. Mhuri wa posta ndio unaotaja mahali na siku. Biashara nayo ina aibu zake: mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 walichukua bahasha 398 bila idhini hadi mwezini, na 100 kati yake zikauzwa kupitia mfanyabiashara wa Ujerumani. Wenzao wa Apollo 11, mwaka 1969, walikuwa wamesaini bahasha na kuziachia familia zao, ziuzwe iwapo wasingerudi hai.

Zanzibar ina upande wake wa simulizi. Chama cha ZNP kilikipinga kituo, kikihofia nchi kuburutwa katika ugomvi wa mataifa makubwa. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, stempu zenye sura ya Sultani zilipigwa chapa ya maneno "Jamhuri 1964". Mwezi Aprili serikali ya Karume ikaamuru kituo kiondolewe, na mwezi huohuo Muungano ukazaliwa. Glenn anakumbukwa kwa saini yake. Mabadiliko ya dola yetu yanasomeka juu ya stempu iliyobandikwa kwenye barua ya mtu wa kawaida.

Hapo ndipo lilipo deni letu. Wageni wanatunza bahasha za safari iliyopita juu ya vichwa vyetu, ilhali sisi tunaziacha barua za wazee wa Mgeta, Matombo na Kinole ziliwe na mchwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vyuo vyetu na Idara ya Nyaraka havihitaji roketi kuanza kazi hii. Vinahitaji kabati kavu, daftari, na mtu wa kuuliza kabla sanduku la marehemu halijachomwa moto.