Uchumi wa Mahindi wa Kachibora

Uchumi wa mahindi wa Kachibora ni mfumo wa mapato unaotegemea hasa zao moja katika mji wa Kachibora na mashamba yanayouzunguka, eneo la Cherangany, kaunti ya Trans Nzoia, mashariki mwa Kitale. Mbegu hupandwa mvua za Machi na Aprili zikianza. Mavuno huanza Oktoba. Mkulima huuza kwa gunia la kilo 90, na sokoni mnunuzi wa rejareja hupimiwa kwa gorogoro, mkebe wa takriban kilo 2.

Mwaka 2020 uchumi wa Kenya ulisinyaa kwa asilimia 0.3, lakini kilimo kiliendelea kukua. Pigo kali kwa wakulima halikutokana na mdororo huo bali na bei ya pembejeo: mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000, hadi ruzuku ya serikali ilipoushusha hadi 3,500, kisha 2,500 mwaka 2023.

Akiba ya familia nyingi ni mahindi ghalani. Karo ya Januari huwalazimu wengi kuwauzia madalali mapema, bei ikiwa chini, na hapo ndipo faida ya msimu mzima hupotea. Mnunuzi mwingine, Halmashauri ya Taifa ya Nafaka na Mazao, hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5.