Wiki ya Mhesh: Cheki Siku Gani Salo Yako Huwa Inajadiliwa Bunge

Wengi wetu tunamjua mhesh wa wikendi. Jumamosi ako kwa matanga, Jumapili ako kanisani na doo ya harambee, akitoka hapo anatupungia mkono juu ya gari. Shida ni moja tu: sheria zinazoguza mfuko wako hazipitishwi wikendi. Zinapitishwa Jumanne hadi Alhamisi, saa zile uko job ama unatafuta job.

Hii hapa ratiba, ndio ujue pa kumshikia.

Kwanza, wako wangapi?
Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukitoa Spika: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa akina mama kutoka kaunti, na 12 wa kuteuliwa na vyama.

Jumatatu
Kwa kawaida hakuna kikao cha Bunge. Wengi wanarudi Nairobi kutoka mashinani.

Jumanne hadi Alhamisi
Hapa ndio kazi iko. Jumanne na Alhamisi kikao kinaanza saa nane na nusu mchana. Jumatano ziko mbili: saa tatu na nusu asubuhi, halafu saa nane na nusu.

Asubuhi zingine ni za kamati, na hapo ndio mambo hupikwa. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza unapelekwa kwa kamati, na kamati lazima isikize wananchi. Kifungu cha 118 cha Katiba kinasema hivyo. Ukiwasha TV uone viti tupu, usishtuke: Katiba inataka wabunge 50 pekee ndio kikao kiendelee. Lakini mhesh akikosa vikao 8 kwa mwaka wa Bunge bila ruhusa ya Spika iliyoandikwa, na hana sababu ya maana, anaweza kupoteza kiti.

Ijumaa hadi Jumapili
Mashinani: basari za NG-CDF, kufungua madarasa, matanga, kanisa. Ni kazi pia, lakini ndio sehemu yenye kamera mingi.

Serikali inasukuma nini saa hii?
Tangu 2022 serikali ya Rais William Ruto imekuwa na ajenda inaitwa BETA. Nguzo zake ni tano: kilimo, biashara ndogo ndogo, nyumba, afya, na dijitali pamoja na kazi za ubunifu. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, iko hapo kwa biashara.

Mbili kati ya hizo unazilipia direct. Ushuru wa nyumba ni 1.5% ya mshahara kabla ya makato, na mwajiri anaongeza 1.5% yake. SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni 2.75%. Piga hesabu: ukilipwa 30,000, nyumba inakula 450 na SHIF 825. Jumla ni 1,275 kila mwezi. Hiyo doo haikutolewa na mtu kwa matanga. Ilipitia sheria, na sheria ilipigiwa kura na mhesh wako, ama alikosa kuingia siku hiyo.

Mfano tunaoujua wote
Rudi Juni 2024, Mswada wa Fedha. Jumanne tarehe 18, baada ya kamati kuchukua maoni na watu kupiga kelele, ushuru wa 16% kwa mkate na ule wa 2.5% kwa magari uliondolewa. Alhamisi tarehe 20 mswada ukapita kusomwa mara ya pili. Jumanne tarehe 25 wabunge 195 wakasema ndio, 106 wakasema la. Siku hiyo hiyo vijana wakaingia Bunge, na wengine wakapigwa risasi wakafa. Jumatano tarehe 26 rais akakataa kuweka sahihi.

Angalia hizo siku tena. Hakuna Jumamosi hapo. Na mkate uliokolewa mapema, wakati mswada ulikuwa bado kwa kamati.

Sasa ufanye nini?
Kila Alhamisi, upande wa walio wengi husoma bungeni kazi za wiki inayofuata. Cheki hiyo. Mwisho wa Aprili serikali huwa imepeleka makadirio ya bajeti Bunge, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, kwa hivyo Mei na Juni usilale. Kamati ikiitisha maoni, andika yako hata kama ni ukurasa mmoja, utume kwa Karani wa Bunge kabla deadline ifike. Halafu ingia tovuti ya Bunge usome Hansard. Ni bure, na inaonyesha nani aliongea na alisema nini.

Mhesh akikuja mtaani Jumamosi, mpokee vizuri. Halafu muulize Jumatano alikuwa wapi.