Seli za Pua na Mgongo Uliokatika

Neva za harufu zina tabia ambayo neva nyingine za binadamu karibu zote hazina. Zimekaa juu kabisa ndani ya pua, ambako vumbi, moshi na mafua huzifikia bila kizuizi, kwa hiyo hufa upesi. Zikifa, huzaliwa nyingine. Kila neva changa hurefusha uzi wake, ukapenya kwenye vitundu vya fuvu na kuingia katika ubongo kutafuta pa kujiunga. Kazi hiyo huendelea hata uzeeni.

Lakini ugwe wa mgongo, ile kamba laini ya neva inayopita ndani ya pingili, ukikatika umekatika. Tabibu wa Misri ambaye maandishi yake yamehifadhiwa katika mafunjo ya Edwin Smith, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, alieleza hali ya mtu aliyeteguka pingili za shingo akapooza mikono na miguu, kisha akaliweka jeraha hilo katika kundi la yasiyotibika. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, alichunguza neva kwa darubini kwa miongo kadhaa, naye akafikia hukumu inayokaribiana na hiyo: njia za neva katika ubongo na mgongo wa mtu mzima hazijirudishi. Aliiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuibatilisha hukumu hiyo ikiweza.

Geoffrey Raisman, mzaliwa wa Leeds, Uingereza, ndiye aliyeamua kuuliza kwa nini pua inaweza na mgongo hauwezi. Mwaka 1969, akiwa Oxford, alionyesha kwa darubini ya elektroni kwamba neva za ubongo wa panya mzima, zikipoteza miungano yake, zinaweza kuunda mingine. Wakati huo wengi waliamini ubongo uliokomaa haubadiliki tena, na ilichukua muda kabla ya matokeo yake kukubalika.

Mwaka 1981 Albert Aguayo na Samuel David wa Montreal walisogeza swali hilo mbele. Walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya, wakakitumia kuwa daraja pembeni ya ugwe wa mgongo, na nyuzi za neva zikakua ndani yake kwa sentimita 3 hivi. Kumbe neva za mgongo zina uwezo wa kukua. Mazingira yake ndiyo yanayozikataza: kovu, na utando wa mafuta unaozizunguka neva za ubongo na mgongo, ambao Martin Schwab wa Zurich alikuja kuonyesha kuwa una kemikali za kuzuia ukuaji. Nyuzi za Montreal zilivuka daraja vizuri, lakini zilipofika upande wa pili zikasita, zikaingia milimita chache tu.

Hapo ndipo pua ilipopata umuhimu. Mwaka 1985, katika maabara ya Mill Hill, London, Raisman alieleza aina ya seli zinazozisindikiza neva za harufu kutoka puani hadi ndani ya ubongo. Seli hizo huzifunika nyuzi changa na kuzifungulia mlango ambao kwingine kote umefungwa. Akawaza: je, zikihamishiwa kwenye mgongo, zitaufungua na huko? Mwaka 1997 yeye, Ying Li na Pauline Field walitoa jibu katika jarida la Science. Panya waliokatwa njia moja ya neva ya mgongo walishindwa kutumia mguu wa mbele kuchukulia chakula. Walipopandikizwa seli hizo za harufu, walianza tena kuunyoosha na kukidaka.

Habari hiyo ilienea haraka kuliko ushahidi. Kuanzia mwaka 2001 daktari mmoja wa Beijing alipandikiza seli za harufu kutoka kwa mimba zilizotolewa, na wagonjwa wakafunga safari kumfuata kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2006 madaktari wa nje walichapisha taarifa ya wagonjwa 7 waliowachunguza kabla na baada ya upasuaji huo. Hakuna aliyepata nafuu ya kumsaidia maishani, na 5 walipata madhara, yakiwemo homa ya uti wa mgongo. Lisbon nako walipandikiza vipande vya utando wa pua. Miaka minane baadaye mwanamke mmoja aliyefanyiwa hivyo alikutwa na uvimbe mgongoni, na ndani yake mlikuwa na tishu za pua zinazotoa ute.

Naona uchungu kuyaandika haya. Mtu aliyepooza hahitaji kuambiwa asitumaini, lakini ana haki ya kujua anauziwa nini, na hao walitozwa gharama na kuingizwa hatarini kabla ya mtu yeyote kujua jibu.

Brisbane walikwenda taratibu. Timu ya Alan Mackay-Sim iliwapandikiza wagonjwa watatu seli za pua zao wenyewe, ikawaweka wengine wa kulinganisha nao bila upasuaji, na waliowapima hawakuambiwa nani ni nani. Baada ya miaka mitatu walitangaza kwamba njia hiyo ilikuwa salama, kwamba mmoja alipata hisia zaidi ya ngozi, na kwamba hakuna aliyepata mwendo. Taarifa ya namna hiyo haileti kamera za televisheni. Hata hivyo Mackay-Sim aliteuliwa Mwaustralia wa Mwaka 2017, na kwangu heshima hiyo ilimstahili.

Kamera zilikwenda Wrocław, Poland. Mwaka 2012 Pawel Tabakow, akishirikiana na Raisman, alimpasua mwanamume aliyechomwa kisu mgongoni mwaka 2010 na kupooza kuanzia kifuani kwenda chini. Alifungua fuvu, akatoa moja ya balbu za harufu, kile kivimbe kidogo cha ubongo kilicho juu ya pua, akakuza seli zake maabara. Kisha akazidunga kwenye ugwe kwa sindano ndogo mara 100 hivi, juu na chini ya jeraha, na pengo la milimita 8 akalipitishia vipande vinne vya neva ya kifundo cha mguu. Mawazo ya Montreal na ya Mill Hill yalikutana katika mgongo wa mtu mmoja.

Oktoba 2014 dunia iliambiwa kwamba mtu huyo anatembea kwa kujishikilia kwenye fremu. Raisman alisema tukio hilo linamvutia zaidi kuliko mtu kutembea mwezini. Wataalamu wengine walitahadharisha, na walikuwa na hoja: mgonjwa ni mmoja, uzi mwembamba wa tishu ulikuwa umebaki kwenye jeraha, na kisu hukata mkato safi kuliko ajali ya gari, ambayo huponda. Zaidi ya hayo, alifanya mazoezi saa 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki.

Ndiyo maana mwaka 2016 timu ya Wrocław ilianza kutafuta duniani wagonjwa wawili wenye jeraha la mkato kama hilo, lakini ugwe ukiwa umekatika kabisa. Waliofaa walikuwa adimu mno. Raisman alifariki Januari 2017.

Wapo wanaopita njia nyingine. Chuo Kikuu cha Keio, Japani, kimepandikiza seli shina zilizotengenezwa maabara kwa wagonjwa wanne, na mwaka 2025 kikatangaza kwamba wawili walipata nafuu ya kusogeza viungo. Seli za pua nazo hazijaachwa: Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, alikofanyia kazi Mackay-Sim, kinazikuza ziwe vidaraja vya kupandikizwa kwenye jeraha. Mpango wao unawataka wagonjwa wafanye mazoezi mazito kwanza, kabla ya kupasuliwa, ili nafuu inayotokana na jasho lao ipimwe peke yake, na kitakachoongezeka baadaye kijulikane kimetoka wapi.