Tangu mwano hadi karasha

Msukuma akiibiwa ng'ombe usiku alipiga mwano. Ni ukelele mrefu wa koo moja, unaopokewa na jirani, na jirani wa jirani, hata kijiji cha tatu wakawa wameshika pinde kabla mwizi hajavuka mto. Samuye, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Shinyanga na zamani ilikuwa na mtemi wake, iko kwenye nchi ya namna hiyo: miji imetawanyika, kila mmoja na mashamba yake, na katikati hakuna cha kuzuia sauti. Mwano ulifika mbali kwa sababu hiyo, na kwa nyingine ambayo ni rahisi kuisahau: hapakuwa na cha kushindana nao.

Wala mtu asidhani Usukuma ulikuwa kimya. Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana nani ana dawa kali zaidi, wakaacha makundi mawili yanayoshindana kwa ngoma hadi leo, Bagika na Bagalu. Pande zote mbili hupiga kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Mchezo mzima ni kumzidi mwenzako kelele, na dawa. Lakini ulikuwa na msimu wake, baada ya mavuno, majembe yakiwa yamepumzika. Mtama ukiwa bado shambani, kelele ilikuwa ya watoto waliopandishwa kwenye dungu kuamia kweleakwelea kwa kombeo na debe tupu. Kila sauti kubwa ilikuwa na mwenyewe, na saa yake, na aliyekusudiwa kuisikia.

Ajabu ni kwamba jambo la kwanza serikali ya kikoloni ililotenda kwa masikio ya Shinyanga lilikuwa kunyamazisha. Mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe, na idara ya utafiti wa mbung'o, chini ya Charles Swynnerton, ikapiga kambi Shinyanga. Dawa iliyopatikana ilikuwa shoka na moto: ondoa pori, mbung'o atakosa kivuli. Pori likafyekwa kwa miaka mingi, na baadaye pamba na kuni vikamaliza yaliyosalia. Mbung'o walipungua kweli, lakini pori lilipoondoka liliondoka na wote waliolia ndani yake. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza kuwarudisha wakulima kwenye ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili yapumue, hesabu zilizotajwa zaidi zilikuwa za miti na majani ya ng'ombe. Baadaye watafiti walihesabu kwenye ngitili zilizofufuka aina zaidi ya 140 za ndege. Nadhani hiyo ndiyo namna bora ya kupima mradi wa miti: kaa chini yake alfajiri usikilize.

Kelele ya mashine iliingia polepole. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928 ikipita Shinyanga, na honi ya treni ikawa saa ya watu wasio na saa. Mwaka 1940 John Williamson, Mkanada, akaipata almasi ya Mwadui, na mgodi ukafuata. Geita nako mgodi wa dhahabu wa wakoloni ulianza miaka ya 1930 ukafungwa 1966. Baada ya hapo, kwa muda mrefu, dhahabu ya ukanda huu ilitoka kwa mkono: sururu, nyundo na tindo, na kina mama wakitwanga mawe kwenye vinu vya chuma. Kinu kina mdundo wa anayetwanga, naye akichoka kinanyamaza.

Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, Buzwagi 2009. Hapo ndipo watu walipojifunza kwamba sauti inaweza kupanda kupitia miguuni. Shimo la wazi huchimbwa kwa baruti. Hewa hupiga kishindo, na mwamba nao hubeba mtetemo wake peke yake, hadi kwenye msingi wa nyumba. Wakazi wa mitaa jirani na mgodi wa Geita, Katoma na Nyamalembo wakiwamo, wamelalamika kwa miaka kwamba kuta zao zinapasuka kwa milipuko. Mgogoro huo umepitia mikono ya viongozi na wataalamu wengi, na nyufa hazisomi ripoti.

Lakini baruti hupigwa mara moja, ikaisha. Anayekesha ni karasha. Ukifika Mwakitolyo kwa wachimbaji wadogo, au kwenye kituo chochote cha uchenjuaji wa dhahabu, utaijua kabla ya kuiona: pipa la chuma lenye gololi nzito za chuma ndani, linazungushwa na injini hadi jiwe liwe unga. Usiku ndipo husikika mbali zaidi, na si kwa sababu watu wamelala tu. Hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ingepotelea angani hupindwa ikarudi ardhini, kijiji cha pili.

Anayeumia kwanza ni mwenye karasha na vijana wake, nao ndio wasiolalamika. Kipimo kinachotumika sana duniani kwa sehemu za kazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama hukatwa nusu, kwa hiyo desibeli 91 ni saa 2 tu. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyogeuza mtetemo kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Vikifa havioti tena, na vinavyotangulia kufa ni vya sauti nyembamba. Ndiyo maana mchimbaji haanzi kwa kutosikia ngurumo. Huanza kwa kukosa "s" na "f" katika maneno, sauti ya mwanawe, na ndege. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya wachimbaji wa Tanzania ulikuta karibu nusu yao wamepungukiwa usikivu kwa kelele, wa chini ya ardhi wakiwazidi wa shimo la wazi. Hao walikuwa na waajiri. Kijana wa karasha hupewa zamu, na pamba za masikio ajitafutie.

Wanyama je? Tembo huongea pia kwa sauti nzito kiasi kwamba sikio la mtu haliipati, na sehemu ya mazungumzo hayo hupita ardhini. Watafiti waliopima mitetemo hiyo nchini Kenya, wakachapisha mwaka 2018, walikadiria kwamba inaweza kutambulika hadi kilomita 6 hivi, na kwamba kelele za binadamu zinaifupisha safari hiyo. Tembo na mama wa Katoma, basi, wana shauri moja: wote wawili wanasikia kwa miguu.

Mfano ninaoupenda zaidi uko upande wa mashariki, kuelekea Ziwa Eyasi, ambako Wahadzabe hupiga mluzi kumwita mlembe, ndege anayemwongoza mtu hadi kwenye mzinga wa nyuki ili wagawane, asali kwako, nta kwake. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa huko huitika mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Wayao wa Msumbiji, ambao nao wana ndege wao na lugha yao. Ushirika huo wote hauna mkataba wala mnyororo, una masikio tu. Weka jenereta katikati yao uone nani atakula asali.

Sheria ipo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitungwa kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, vyote viwili. Usimamizi uliwekwa mikononi mwa baraza la taifa la mazingira, NEMC, ambalo limewahi kuzifungia baa na kumbi za starehe za mijini kwa ajili ya muziki. Baa ina leseni ukutani na jirani mwenye simu. Karasha mara nyingi ina jirani anayeidai ujira wake wa jana.

Kule vijijini mwano haujafa. Sungusungu waliozuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi, waliuokota wakauongezea filimbi. Kanuni yao ni ya kale: anayesikia hutoka, na asiyetoka hulipa faini. Wazee wa baraza walikuwa na jibu kwa kila udhuru, isipokuwa huu ambao zamani hakuna aliyethubutu kuutoa, kwa kuwa hakuna ambaye angeuamini. Leo mtu anayelala hatua mia moja kutoka kwenye karasha akisema mbele ya baraza kwamba hakusikia, wanatazamana.